Ngoro Bila Nyasi

Jumatatu, 8 Septemba

Vidonge, uji wa ulezi, kukaa kibarazani. Miguu imevimba tena mpaka magotini. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Daktari wa misheni alisema moyo umechoka. Aliniambia kwa upole, kama nilivyokuwa nikiwaambia wanachuo kwamba hawakufaulu. Sikulia.

Kolumba ameleta maji mapema. Ni mke wa Osmund, mwana wa kaka yangu; binti wa kutoka Kihagara, mtu wa ziwani aliyeolewa mlimani. Miaka yote hii bado analalamika kwamba maji ya huku yanauma meno. Ni kweli yanauma. Yanatoka chini ya msitu wetu wa kileleni. Sijawahi kuyaona yakikatika.

Osmund hakuja kunisalimu. Amenuna. Ni kwa sababu ya huo msitu.

Jumatano, 10 Septemba

Niliandike hili vizuri, maana akili imeanza kuruka mambo.

Mgongo huu wa mlima, kutoka kileleni hadi bondeni, kati ya vijito viwili, ndio ntambo wetu. Ardhi ya ukoo. Juu msitu. Chini ya msitu chemchemi. Kisha mashamba, kahawa, nyumba, na mwisho migomba. Mkubwa wake alikuwa kaka yangu Leonsi. Alipokuwa anakata roho aliwaambia wanawe mbele ya ukoo mzima: msitu usiguswe bila neno la shangazi yenu.

Sina mume. Sina mtoto. Nina neno hilo tu. Wakati mwingine nahisi ndilo linalofanya nipakuliwe uji kwanza. Fikra mbaya kwa watu wanaonitunza. Nimeiandika hivyohivyo.

Ijumaa, 12 Septemba

Osmund amekuja. Shikamoo ya haraka, akakaa kwenye kigoda, akasema yote kwa mkupuo mmoja. Sikumkatiza.

Mwaka huu mwezi wa pili alinunua mahindi. Mmatengo, kununua mahindi. Alikwenda soko la Tingi, mbali, ili asionwe na watu wa hapa. Shamba la baba yake wamegawana ndugu watatu na hakuna kipande kinachopumzishwa. Zamani shamba lililala mpaka nyasi zikampita mtu kimo. Sasa nyasi hazipati hata nafasi ya kuota. Mbolea anaweka. Mvua ikipita, mbolea inashuka nayo.

Watoto walimalizia masika kwa makopa ya muhogo kutoka kwa babu yao aliye Kihagara. Jeska, kitinda mimba, nywele zikaanza kuwa nyekundu na laini kama ndevu za hindi. Nimefundisha kilimo na lishe chuoni mpaka nikastaafu. Najua nywele hizo zinasema nini. Niliziona, nikajifanya sizioni, kwa sababu ningeziona ningelazimika kusema kitu kuhusu msitu.

Leo yeye ndiye aliyesema.

Alhamisi, 18 Septemba

Mkutano shuleni. Osmund alinibeba kwa pikipiki, Kolumba nyuma akinishikilia kama gunia. Maofisa wawili wameshuka kwenye gari moja kutoka Mbinga.

Wa kwanza: mkoa wetu ni ghala la chakula la taifa, tuongeze mashamba, mbolea ya ruzuku ipo, kituo cha kununulia mahindi kitafunguliwa. Tukapiga makofi. Wa pili: vyanzo vya maji vinakufa, ziwa linajaa tope, mita sitini kutoka kwenye chanzo hakuna kulima, atakayekata miti atashtakiwa. Tukapiga makofi.

Damasi akasimama. Jirani yetu wa bondeni, mzee mwenzangu, mwenye bwawa la perege linalojazwa na maji ya chemchemi yetu. Akavua kofia.

"Waheshimiwa, nyie si mngeshauriana humo garini kabla ya kushuka?"

Watu walicheka mpaka kuku wa mwalimu mkuu wakakimbia. Wa kwanza alicheka pia. Wa pili akaandika kitu. Swali halikujibiwa. Walikunywa soda, wakaondoka pamoja.

Niliporudi nilikuwa hoi. Sikula.

Jumapili, 28 Septemba

Kikao cha ukoo, baada ya misa. Nimekubali msitu ukatwe, palimwe.

Nimeweka masharti. Miti izungukayo chemchemi ibaki, mita sitini. Na huko juu wasilime matuta, wachimbe mashimo ya ngoro, kama babu zetu, ili udongo usishuke. Nilisema kwa sauti ya darasani. Chakula na mazingira vinaweza kukaa nyumba moja, nikasema. Walipiga makofi. Osmund alipiga magoti akanishika miguu, hii miguu iliyovimba, akasema asante Shangazi, asante mama yangu.

Mama yangu.

Alikaa nami mchana wote. Alinimenyea chungwa. Alinisimulia habari za Leonsi ambazo sikuzijua. Sijafurahi hivyo tangu niache kazi.

Jumatatu, 29 Septemba

Nilijua.

Niandike polepole. Ngoro huchimbwa penye nyasi. Wanaume wanafyeka nyasi ndefu, wanazilaza kwa mistari inayokatana, mlima wote unakuwa kama mkeka wa miraba mikubwa. Wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo. Linabaki shimo lenye kuta nne, na ndani ya kila ukuta kuna nyasi. Nyasi ndizo zinazoshika ukuta. Maji yanatulia shimoni, yananyweka taratibu. Mvua yoyote.

Msituni hakuna nyasi. Chini ya kivuli hazioti. Ukikata msitu leo, kesho huna cha kulaza. Utachimba mashimo matupu yenye kuta za udongo mtupu, na shimo la juu likipasuka linapasua la chini yake. Ni mabaya kuliko matuta.

Nimelifundisha hilo kwa mchoro ukutani, kwa vijana waliotoka kila mkoa. Nilimwadhibu mmoja aliyesahau. Na jana nikasimama mbele ya watu wangu nikawapa sharti lisilotekelezeka. Hakuna aliyenipinga. Waliojua wamekwisha kufa, na hawa vijana wamekua na mbolea ya gunia.

Sikukosea. Nililitoa sharti lile ili niweze kusema ndiyo na mikono ibaki safi. Na nilitaka kusema ndiyo kwa sababu nilitaka Osmund akae nami.

Jeska yumo pia katika sababu. Lakini hakuwa wa kwanza. Ningependa angekuwa wa kwanza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Msumeno wa mashine tangu asubuhi. Mikuyu. Mikusu. Kila mti unapolala kikombe changu kinatetemeka mezani.

Tumbili wameshuka bondeni kwa Damasi, wamemaliza ndizi. Amepanda mpaka hapa na fimbo yake, anahema.

"Mchumba, umeniletea wageni bila taarifa." Ananiita mchumba tangu aliponiposa tukiwa vijana nikaenda chuo. Nikamwambia wageni hao ni shemeji zake. Akacheka. Kisha akatazama juu kwa muda mrefu, pale penye uwazi mpya.

"Mtalima nini kule?"

"Ngoro."

Alinitazama. Amechimba na mama yake, ametandaza nyasi na baba yake. Alijua. Akasema tu, "Haya, Mwalimu." Hakusema mchumba. Akashuka.

Jumanne, 4 Novemba

Wamechoma. Moshi ulikaa siku kadhaa, kifua kimeniua.

Osmund alikuja na majivu kichwani na swali alilolipata mwenyewe: "Shangazi, nyasi tutazitoa wapi?"

Nilipewa nafasi. Nani anapewa nafasi ya pili kwa uwazi hivyo? Ningesema: acha mwaka huu, nyasi ziote kwanza, mwakani uchimbe. Ingekuwa mwaka mmoja tu. Lakini mwaka mmoja bila mahindi ni Jeska, na ni kigoda kile kitupu.

Nikamwambia afyeke za kandokando ya barabara, aongeze mabua. Akashukuru.

Zilitosha mistari michache ya karibu na chemchemi. Juu kote Kolumba na wanawake wenzake wamechimba bila kitu. Nilimtuma akawaambie wapige udongo kwa jembe uwe mgumu. Amerudi amechoka, malengelenge mikononi. Kwao ziwani hawachimbi hivi. Anauliza kama amefanya vizuri. Nimesema vizuri sana.

Ijumaa, 21 Novemba

Padre amekuja na mafuta matakatifu. Niliungama hasira, wivu kwa marehemu wifi yangu, na kiburi. Kiburi kwa jumla. Mengine nilimeza.

Mvua za kwanza, laini. Mahindi yameota. Kutoka hapa yanaonekana kama vumbi la kijani.

Jumatatu, 15 Desemba

Baba yake Kolumba amepanda kutoka Kihagara na kapu la usipa mkavu. Mzee mchangamfu, sauti ya mtu aliyezoea kuita juu ya maji. Anasema mlango wa mto umebadilika rangi mapema mwaka huu, na mawe ambako samaki hutagia yamevaa tope.

"Nyie wa mlimani mnautupa udongo wenu, sisi tunaukuta kwenye sahani."

Kolumba akaona haya. Mimi nikakohoa. Mzee akakaa, akala, akafuta mdomo, akamgeukia Osmund: mahindi yatakomaa lini, maana huko chini muhogo umeshikwa na ugonjwa na watu wanaingoja mizigo ya huku?

Ni mdomo uleule. Simcheki. Ninaye mzee kama huyo kifuani mwangu.

Jumapili, 18 Januari

Leo mchana.

Mvua imenyesha tangu jana. Nilikuwa kibarazani, nimefunikwa kanga mbili. Kule juu mashimo yalikuwa yamejaa, yanang'aa kama vioo vilivyopangwa. Mazuri kuyatazama. Kisha moja la juu kabisa likapasuka kona. Halikupiga kelele. Lilimwagika kwenye la chini yake, nalo likajaa likapasuka, na la chini yake, na yale ya pembeni, mstari mzima ukashuka hivyo, kama mtu anayefungua vifungo vya shati. Hapo ndipo kelele ilipokuja.

Mistari yenye nyasi, ile michache, ilisimama. Nimeiona kwa macho yangu ikisimama. Tope likaizunguka, likapita kwenye miti tuliyoiacha, likaendelea.

Hakuna aliyeumia. Osmund alikuwa kanisani. Kolumba alikuwa jikoni. Nilipiga kelele jina lake na hakunisikia.

Jumatatu, 19 Januari

Chemchemi haionekani. Pale palipokuwa na jiwe la kuwekea ndoo pana tope mpaka kifuani mwa Osmund. Wamechimba kutwa. Yanatoka majimaji mekundu, yanasimama.

Bwawa la Damasi limejaa udongo. Perege walikuwa juu ya nyasi, wanapumua kwa mdomo. Watoto wa jirani waliwaokota kwa beseni. Watu wengi wamekula samaki leo.

Alhamisi, 22 Januari

Damasi amekuja. Nilijiandaa kwa utani. Niliutaka utani, hata wa kuuma. Alisimama uani, hakukaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Tumezaliwa mwaka mmoja. Hajawahi kuniamkia. Sikuweza kusema marahaba. Akauliza afya. Nikasema naendelea. Akasema Mungu asaidie. Akaondoka. Alikuja kunionyesha tu kwamba sasa mimi ni mtu wa kusalimiwa kwa heshima na kuachwa.

Jumatano, 11 Februari

Osmund haelewi. Anasema ni mvua ya mwaka huu, si ya kawaida, hata redio imesema. Anasema wanawake walichimba ovyo. Kolumba alikuwepo, alisikia. Aliinama akaendelea kuchambua maharage.

Hapo ningesema. Maneno yalikuwa mdomoni. Osmund akaongeza, "Shangazi alituelekeza vizuri kabisa, sisi ndio tumeharibu." Akanitazama kwa upendo.

Nikanyamaza. Hilo nalo liandikwe. Nimemwacha Kolumba abebe.

Jumamosi, 14 Machi

Juu kabisa, ambako hakukuporomoka, mahindi ni makubwa kuliko niliyowahi kuona. Udongo wa msitu. Mwaka wa kwanza hutoa kila kitu ulichonacho.

Osmund ameniletea hindi la kuchoma, la kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Kolumba akanipukuchulia punje, maana meno hayapo. Tamu. Nilijisemea nitakula punje mbili tatu kwa heshima. Nilikula hindi zima na nikatamani jingine.

Jumanne, 7 Aprili

Pasaka imepita. Nywele za Jeska ni nyeusi. Anakimbia, anaanguka, anacheka kwa sauti ya babu yake wa ziwani. Nataka kuandika kwamba haikustahili bei hii, kisha anapita mbele yangu na siwezi kuandika.

Kolumba anachota maji ng'ambo ya mgongo wa pili. Anaondoka kabla ya jua, anarudi jua limechoma. Mtoto wa tatu ameacha shule siku kadhaa amsaidie.

Ijumaa, 15 Mei

Padre tena. Safari hii niliungama lote: nyasi, sharti, Kolumba. Nilitumia nguvu zangu zote, nikatulia nikingoja.

Ni kijana mwema, mtoto wa wakulima. Alinishika mkono. "Mwalimu, kulisha watoto si dhambi. Usijitese." Akanipa baraka. Hata kitubio hakunipa.

Nilidhani nitahisi wepesi.

Kolumba nilimwita baadaye, nikamwambia kwamba hakuchimba ovyo, kwamba mimi nilijua kuta hazitasimama. Alisikiliza amesimama na sufuria mkononi.

"Nilijua kuta hazishiki, Shangazi. Nilizigusa. Lakini ulisema vizuri sana."

Akaenda kuosha sufuria kwa maji kidogo, yale yaliyooshea vyombo vya jana.

Jumatano, 10 Juni

Mavuno. Magunia ukumbini mpaka darini. Lori la kituo limepanda mpaka hapa, vijana wanapakia, wanaimba. Mengine yameshuka Kihagara kwa babu. Redio imesema nchi ina chakula cha kutosha. Ni kweli, kimepita mbele ya macho yangu.

Osmund ananijulisha kwa furaha mpango wa mwakani. Eneo lile la juu limeshachoka nusu, limebaki jiwe. Atakata miti tuliyoiacha kuzunguka chemchemi.

Nikasema mita sitini.

"Za nini, Shangazi? Maji hayapo."

Nilitafuta jibu. Nimesoma, nimefundisha maisha yangu yote, nilitafuta kila mahali. Hakuna. Ana haki. Akanifunika miguu, akaniambia nipumzike.

Jumatano, 24 Juni

Kalamu nzito. Baridi ya mlimani. Sijatoka kitandani tangu Jumapili.

Kwetu maiti huoshwa kwa maji ya chemchemi ya ntambo. Mama alioshwa nayo, na Leonsi, na wote waliolala kwenye migomba. Wanawake huyachota alfajiri bila kuongea njiani.

Tangu juzi kuna dumu jipya la njano nyuma ya mlango, limejaa, limefunikwa kwa kitambaa safi. Hakuna anayelitumia. Kolumba amelileta kutoka ng'ambo, juu ya yale ya kila siku. Hakuniambia ni la nini. Sikuuliza.

Mchana Jeska aliingia kutoka kucheza, ana kiu, akashika kifuniko. Mama yake akamwahi. Hayo si ya kunywa. Ndoo ilikuwa tupu.

Nikasema, mpe.

Kolumba alinitazama, mkono bado juu ya kifuniko. Nikasema tena. Akamimina kwenye kikombe changu. Mtoto alikunywa kwa pumzi moja, akasema hayana baridi, akatoka nje.

Kolumba amelifunika dumu. Kesho atapanda tena kulijaza.